Mtoto Atalala Wapi Akishasema

Siku ile, katika chumba cha mwendesha mashtaka pale Muleba, tulikuwa watu sita. Alikuwepo Salome, Wakili wa Serikali, mwenyeji wa Mbeya, mgeni kwetu kiasi kwamba bado alishangaa mtu kula ndizi asubuhi, mchana na jioni. Alikuwepo Byera, afisa ustawi wa jamii, kofia ya pikipiki mapajani. Alikuwepo Tata Laurian (tata ni baba kwa Kihaya), mkubwa wa ukoo wa mtoto, ndani ya koti ambalo huku kwetu mzee hulivaa msibani na akiitwa serikalini. Alikuwepo Bibi Paskazia, mjane na jirani, amekaa karibu na mlango kama mtu anayengoja mvua ipungue aondoke. Alikuwepo mtoto wa miaka tisa ambaye hapa nitamwita Koku, mikono yote miwili imefungwa bandeji. Na mimi, Sajenti Adelina, wa dawati la jinsia na watoto.

Tulikutana kuamua jambo moja: baba mdogo wa Koku apelekwe mahakamani, au jalada lifungwe na mtoto arudi nyumbani kwake.

Wenzangu mliobaki kazini mliniuliza siku ya kuniaga, tukiwa na soda mkononi, tunajuaje kesi ya mtoto ni ya kupeleka au ya kuacha. Niliwajibu kwa mzaha kwa sababu keki ilikuwa inakatwa. Sasa nimestaafu, nipo Nyanga na migomba yangu, nina nafasi ya kujibu vizuri. Ila itabidi nianze mbali kidogo.

Mimi ni kifungua mimba katika watoto sita. Baba na mama walifariki kwa kufuatana, miaka ile ambayo karibu kila kibanja, yaani shamba la migomba la nyumbani, huku kwetu kilikuwa na kaburi lenye udongo mbichi. Baada ya matanga ukoo ulikaa kutugawa: huyu aende kwa shangazi, huyu kwa mjomba, hawa wawili kwa mtu wa Ngara ambaye hatukuwahi kumwona. Nilikuwa kidato cha pili. Nikasema hatugawanywi. Mzee mmoja akaniuliza, “Utawalisha nini, sare ya shule?” Kesho yake sare nikaikunja, nikaenda kulima vibarua. Baadaye jeshi la polisi lilipoita vijana, nikaenda, kwa sababu nilisikia kule wanatoa viatu. Nilipangiwa Bukoba, nikapanga chumba Kahororo, na wadogo zangu wote watano wakahamia humo. Tulilala kama senene kwenye debe, lakini tulilala pamoja.

Enzi hizo mahakama za wilaya polisi ndio walioendesha mashtaka. Aliyenipokea ni Inspekta Abdulatifu, mtu wa Bukoba mjini kabisa, ambaye babu yake alikuja na biashara kutoka Tanga na hakuona sababu ya kurudi. Alikuwa hapandi mahakamani suruali ikiwa haina mstari wa pasi, na alikuwa na Kihaya safi kuliko changu, jambo ambalo hakuniacha nilisahau.

Siku yangu ya kwanza alinipa jalada la kijana aliyempiga mtoto wa dada yake hadi kumvunja mkono. Nikalisoma mara mbili. Akaniuliza, “Umeona nini?”

“Nimeona ushahidi, afande. Daktari amejaza PF3, ile fomu ya majeraha, majirani wawili wameandika maelezo.”

“Na mtoto umemwona?”

“Bado.”

“Basi hujasoma kitu. Chukua kofia, twende.”

Tulikwenda kwa miguu. Tukamkuta mtoto ameketi jikoni, anamenya ndizi kwa mkono mmoja, na anayemgawia chakula ni yule yule mshtakiwa. Inspekta alisalimia, akanywa maji aliyopewa, tukaondoka. Njiani akasema, “Adelina, kila kesi ya mtoto ina swali ambalo hakimu hataliuliza. Akishasema, jioni atalala wapi?”

Swali hilo nililibeba kazi yangu yote. Lakini niseme ukweli wa namna lilivyotumika zamani zile. Kama jibu halikupatikana, jalada lilifungwa. Inspekta hakuwa mtu mbaya. Nilimwona akifunga majalada kama mtu anayefukia mche. Hapakuwa na dawati, hapakuwa na ustawi wa kupigiwa simu, hapakuwa na nyumba ya kumpokea mtoto. Mshtakiwa ndiye alikuwa paa, ndiye alikuwa sufuria, ndiye aliyetia sahihi shuleni. Ukimwondoa, mtoto anapata haki na kukosa chakula cha usiku. Watu wa mjini huona kwamba kesi za vijijini zinakufa kwa sababu hakuna ushahidi. Ushahidi ulikuwepo mara nyingi. Kilichokosekana kilikuwa kitanda.

Kwa hiyo nikaanza kujifunza vitu vidogo. Mtoto mwenye njaa hasemi, anakubali tu. Kila unachomuuliza anajibu ndiyo ili mmalize. Nikawa natembea na ndizi za kuchoma kwenye mkoba, na mkoba wangu unanuka moshi hadi leo. Kofia ya polisi naivua mlangoni. Naketi chini kuliko mtoto. Fundi mmoja wa Rubya alinichongea kigoda kifupi, ambacho maofisa wawili wa ngazi ya juu walikikalia kwa bahati mbaya wakahitaji kusaidiwa kuinuka. Sianzi na “kwa nini,” maana mtoto akiulizwa kwa nini alipigwa, anatafuta kosa lake.

Kulikuwa na kesi zilizotushinda hata kitanda kikiwepo. Nilikwenda mara kadhaa visiwani kwa ajili ya mvulana aliyekuwa akifanyishwa kazi ya kuanika dagaa na kupigwa kwa nyaya. Mashahidi walikuwa wavuvi, na wavuvi hufuata samaki. Kila tarehe ya kesi tulikuta kambi imehama na moshi tu umebaki. Mvulana tulimtoa, yuko salama, sasa ana duka la simu. Aliyempiga hajapata kusimama kizimbani. Ushindi wa nusu nao ni ushindi. Niliuhesabu hivyo ili niamke kesho yake.

Ndipo mambo yakabadilika. Mashtaka yakaenda kwa mawakili wa serikali, mimi nikahamishiwa dawatini Muleba, na ustawi wakaanza kuwa na familia za kulea walizozikagua. Na ndipo siku moja Bibi Paskazia akaja kituoni na Koku, wamepanda bodaboda moja.

Maelezo yake yalikuwa mafupi. Mtoto ni yatima, amelelewa na baba mdogo. Mtoto aliuza kopo la kahawa iliyoanikwa mkekani ili anunue daftari. Baba mdogo akaikandamiza mikono yake kwenye makaa. Akamfungia ndani siku nyingi. Bibi Paskazia alikwenda kuomba moto, akamkuta mtoto anakula ndizi kwa kuinamia sahani, kama kifaranga. Akamuuliza, naye mtoto akamwambia.

Sasa hapa kuna jambo ambalo wenzangu mliotoka mikoa mingine mlijue. Kabla ya kuja kwetu, Bibi Paskazia alikuwa amelifikisha kwa wazee, kama ilivyo desturi. Ukoo ukakaa. Baba mdogo akatozwa mbuzi na rubisi, pombe yetu ya ndizi, akasema amekosa, na kikapu cha kahawa za kutafuna kikazungushwa. Kila aliyekuwepo akatafuna, na Bibi Paskazia naye, kwa sababu kikapu kikifika kwako mbele ya wazee hukirudishi. Kwetu mgeni hukaribishwa kwa kahawa kila siku na haina uzito. Lakini kahawa iliyotafunwa mwisho wa kikao ni kufuli. Atakayelisema jambo hilo tena nje, amewavunja wote. Mbuzi akaliwa. Mtoto akabaki chumba kile kile, na mikono ikaanza kutoa harufu. Hapo ndipo bibi akaita bodaboda.

Turudi kwenye chumba cha Salome.

Tata Laurian aliongea kwanza, na aliongea vizuri. “Waitu, mwanasheria, sisi hatukatai kwamba kosa lipo. Tumeshalimaliza. Huyu bwana ana watoto watatu na kibanja. Ukimfunga, unatengeneza yatima wengine watatu ili umfurahishe mmoja.” Kisha akanigeukia. “Na wewe, Sajenti, mwanangu. Wewe ni Mhaya au ni wa serikali?”

“Saa za kazi ni wa serikali, tata. Jioni narudi kuwa Mhaya.”

“Basi tungekuja jioni.”

Hata Koku alitabasamu. Lakini mzee hakuwa amemaliza. “Wewe mwenyewe uliachwa yatima. Nani alikulea kama si ukoo?”

“Ukoo ulitaka kutugawa, tata, kama nyama ya mbuzi wa faini. Niliwalea wenzangu mwenyewe. Na hakuna aliyeungua.”

Salome hakunitazama, alikuwa anasoma PF3 kwa mara nyingine. Ndipo akasema shida yake wazi, na nilimheshimu kwa hilo. “Mtoto aliletwa hospitali amechelewa. Daktari anasema ni moto, lakini hawezi kusema ni kukandamizwa au ni kuangukia. Baba mdogo anasema aliangukia mafiga. Mke wake anasema alikuwa shamba. Nina neno la mtoto. Sheria inaniruhusu kusimama na neno la mtoto peke yake, hakimu akiamini. Lakini nikiwa na mtu mwingine aliyemwona siku zile na kumsikia, sina wasiwasi. Mtu huyo ni wewe, bibi. Bila wewe naweza kushindwa. Na nikishindwa, anarudishwa kwa nani?”

Mnaona? Kwa maneno yake, na bila kumjua Inspekta Abdulatifu, alikuwa amefika kwenye swali lile lile. Tofauti ni kwamba yeye hakulifanya kuwa kifuniko cha jalada. Alimgeukia Byera. “Una pa kumlaza?”

“Ninaye mwalimu mstaafu karibu na Rubya,” Byera akasema. “Ana chumba, ana ng'ombe wa maziwa, na ana mdomo. Hakuna wa ukoo atakayemsogelea.”

“Leo?”

“Hata sasa hivi, pikipiki ina mafuta.”

Salome akamuuliza Koku kama ana la kusema. Mtoto alitazama bandeji zake. “Mikono ikipona, nitarudishwa kumenya ndizi?”

“Hapana,” Salome akasema. “Utarudishwa shule.”

“Basi nitasema.”

Alibaki Bibi Paskazia. Alikuwa ameukaribia mlango zaidi. Akasema kwa Kihaya, nami nikamtafsiria Salome, kwamba kumleta mtoto kituoni apelekwe hospitali ni jambo moja, hata wazee wanaweza kulisamehe. Kusimama mahakamani ni jambo jingine. Alitafuna kahawa yao. Akisema, watamtoa kwenye chama cha kuzikana.

Salome akaniuliza kama ni jambo kubwa. Nikamwambia kwamba kijijini ukitolewa kwenye chama hicho, siku ukifa hakuna wa kuchimba, hakuna wa kupika, hakuna turubai. Watu watapita njiani wakitazama miguu yao.

“Mwanangu mmoja yuko Mwanza, huja Krismasi ikikubaliana naye,” bibi akasema. “Wa pili hata simu hapokei. Nani atanizika, Sajenti? Wakili huyu?”

Sikuwa nimefikiri. Nilisema tu. “Nitakuzika mimi.”

“Wewe na nani? Jeneza linataka watu sita.”

“Mimi na wadogo zangu. Tuko sita.”

“Wanaume wangapi?”

“Wawili.”

“Na hao wengine?”

“Watajifunza.”

Tata Laurian akacheka, akajaribu kuzuia, akashindwa. Bibi Paskazia hakucheka. Alinitazama muda mrefu, kama mtu anayepima ndizi kama imekomaa. Kisha akasogeza kiti kutoka mlangoni, akakileta mezani. “Andika, wakili,” akasema. “Andika kwamba nilimkuta anakula kwa mdomo.”

Salome akaamua kuipeleka kesi mahakamani, lakini akakataa kuipeleka wiki ile. Hili ndilo ningependa mlishike kuliko mengine yote. Kwanza mtoto alale mahali pamoja mpaka apazoee. Ale, ache kushtuka mlango ukigongwa, avunje sahani moja ya yule mwalimu na aone kwamba hapigwi. Ndipo aitwe mahakamani. Mtoto anayejua atalala wapi jioni huongea kama mtu; asiyejua huongea kama mwangwi wa aliyemuuliza mwisho.

Na aliongea. Hakimu alimuuliza kama anajua maana ya kusema kweli, akajibu, “Ni kusema hata kama mtu anakutazama.” Akaahidi kusema kweli. Baba mdogo alikuwa anamtazama muda wote. Koku alisema kuhusu kopo la kahawa, daftari, makaa. Wakili wa utetezi akamuuliza kama hakuangukia mafiga. “Nikianguka natanguliza mikono,” akasema, akageuza vidole juu. “Ningeungua viganja tu. Mimi niliungua na huku nyuma, alikuwa ananigeuza.”

Bibi Paskazia alifuata na gauni la kanisani. Alisema alichoona, hakuongeza hata chumvi. Alipomaliza, alipita mbele ya wazee wa ukoo walioketi benchi la nyuma, akawasalimia mmoja mmoja. Hakuna aliyeitikia.

Baba mdogo alifungwa. Yatima watatu aliowataja Tata Laurian hawakutokea. Mama yao alishika jembe, kibanja kikaendelea kuzaa, maana mgomba hauulizi mwenyewe yuko gerezani au yuko klabuni. Baada ya muda mama huyo alimtumia Koku mkungu wa ndizi kule Rubya, bila neno. Mwalimu alitaka kuurudisha. Koku akasema ule una ladha ya nyumbani, wakaupika.

Siku hizi Koku yuko sekondari. Vidole viwili vya mkono wa kushoto havinyooki vizuri, na ananishinda kumenya ndizi, akitaka mwenyewe. Anasema atakuwa wakili. Nilimwambia mawakili wanakaa sana. Akasema Salome alisimama siku nzima.

Salome amehamishwa. Kabla ya kuondoka alikuwa ameanza utaratibu wa kumwita afisa ustawi kabla ya kuandika uamuzi wowote wa jalada la mtoto, na naona waliomfuata wameuendeleza. Nikiingia pale siku hizi kusalimia, nawasikia vijana wakiulizana, “Huyu atalala wapi?” kwa sauti ya kutafuta, si ya kufunga. Hakuna aliyewaambia wanamnukuu Mswahili mmoja wa Bukoba mwenye suruali yenye mstari wa pasi, ambaye sasa amelala makaburini mjini. Nami naona kazi imesogea. Si sana, lakini haijarudi nyuma.

Chama cha kuzikana kilifanya kilichoahidi. Siku ya pili baada ya hukumu, vijana wawili walimletea Bibi Paskazia kiti chake cha plastiki na sahani zake alizokuwa amechangia, wakaviweka uani bila kupiga hodi. Alinipigia simu. “Sajenti, vyombo vimerudi.” Nikaelewa. Tangu hapo misiba ya kijiji inampita. Wengine wameanza kulegea, mke wa baba mdogo humsalimia wazi kabisa barabarani, na Tata Laurian, akikutana naye mahali pasipo na watu, humuuliza hali ya mguu wake unaouma. Lakini kwenye chama hajarudishwa.

Mimi huenda kila nikipata nafasi. Ananipa kahawa ya kutafuna, ile isiyo na uzito, na ananikagua. Mdogo wangu wa tatu ana mgongo mbaya; bibi amelisikia na hajafurahi. Wa mwisho anaona ni mwembamba. “Yule mtambeba na yeye juu ya jeneza,” anasema. Ameshanionyesha mahali, katika kibanja chake, upande wa juu ambako maji hayatuami, na amekataza kukata mgomba uliopo hapo mpaka siku yenyewe. Juzi alinikuta ninakohoa, akakasirika kweli. “Usije ukanitangulia wewe! Mtu haahidi halafu akafa.”

Kwa hiyo kati ya yote niliyowahi kusaini, kula kiapo na kukabidhi kabla ya kustaafu, hili moja la kumzika bibi sijalikabidhi. Nalikabidhi hapa, kwa sababu hakusema kwa ajili yangu. Alisema kwa ajili ya jalada lenu. Byera anaijua nyumba: ni ya bati jekundu, ya mwisho kabla ya njia kushuka kisimani. Nikiwa hai, nitakuwepo na wadogo zangu, hata mwenye mgongo. Nikitangulia, mvue kofia mlangoni, mwende sita.